Jiwe Lililokataa Kuwa Chokaa

Anakwenda! Mwanatumu anakwenda Japani! Barua imefika Jumatatu, ina muhuri mwekundu, wamemkubali akasome zaidi. Na fomu ya ruhusa waliyoipokea huko ina sahihi yangu mimi, mamake!

Haya. Limetoka. Lilikuwa limenikaa kifuani tangu Jumatatu hiyo, na leo ni Jumamosi. Sasa pumzi zimerudi, naomba nianze kama ilivyo ada.

Mheshimiwa Bwana D.O., uliyeteremka kutoka Kwale kwa ajili ya mtoto wetu. Bwana Chifu wa Msambweni. Maalim wetu wa msikiti, na wazee mliokaa safu ya mbele. Mwalimu Mkuu Kitsao na walimu wenzako. Shemeji yangu Abdulkadir, ndugu wa marehemu mume wangu. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Diani, Tiwi na hata Shimoni. Wifi zangu, mashoga zangu, majirani mnaonipenda na nyinyi mnaonivumilia tu: assalamu alaykum, na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Ratiba ninayo mkononi. Imepigwa taipu na Mwalimu Kitsao mwenyewe. Mbele ya jina langu, Mwanasiti binti Mbwana, imeandikwa "neno la shukrani, dakika tano." Baada yangu ni shemeji Abdulkadir, "neno la familia." Na neno hilo la familia nalijua, kwa sababu ukuta wa jiko langu na ukuta wa baraza yake ni ukuta mmoja. Alikuwa asimame hapa awaambie kwamba mtoto amepata digrii, alhamdulillahi, inatosha, na Januari ataanza kufundisha papa hapa, katika skuli aliyosomea. Mngepiga makofi. Na kitu kikishapigiwa makofi mbele ya D.O., nani atakirudisha nyuma? Basi nimemtangulia. Kwa kuvunja adabu ya salamu nawaomba radhi. Kwa neno lenyewe siombi radhi kwa mtu.

Naona unainuka, shemeji. Kaa, tafadhali. Zamu yako itafika, na sitasema neno ambalo siwezi kulisema mbele ya macho yako.

Ndugu zangu, miaka minne nimesikia mengi. Wenzake Mwanatumu walipokwenda kusomea uuguzi, mliwapa pongezi. Walipokwenda kusomea ualimu, mliwapa pongezi. Mwanangu alipokwenda kule Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea mawe, nilipewa pole! Bi Mwanafatuma, umekaa hapo na leso yako mpya, si wewe uliyenisimamisha njiani ukaniambia, "Mwanasiti, mtoto apande gari mpaka Nairobi kusomea mawe? Hapa mtu hachimbi shimo la choo ila akutane nayo"? Ucheke, shoga yangu, nami nacheka. Lakini siku ile sikucheka. Nilikwenda nyumbani nikakuna nazi kwa hasira mpaka nikajikuna kidole.

Leo nitakujibu. Mimi nilifika darasa la tatu, nikatolewa. Nikarudi ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, Jumanne na Alhamisi, katika darasa lile pale lenye dirisha lililovunjika. Kazi yangu mnaijua: napika mafuta ya nazi, na nywele nyingi ninazoziona hapa zinang'aa kwa jasho langu. Sikusomea mawe. Lakini mwanangu alinieleza hata nikaelewa, na mtu anayeweza kumwelezea mamake jambo kubwa hata likamwingia, huyo amesoma kweli.

Sikilizeni basi yaliyotupata.

Mwezi wa nne mwanangu alirudi likizo na sanduku la mbao, ndani mna mawe kumi na mawili. Aliyatoa kilima kimoja cha bara, upande wa Taita. Meusi yenye kijani ndani, na mazito! Jiwe la kadiri ya embe unalishika kama unashika chungu kilichojaa. Wenye elimu yao wanayaita mawe ya ultramafiki. Nilifanya mazoezi ya jina hilo wiki nzima, msinirudishe. Alipokuwa anarejea Nairobi kwa mitihani, akaliweka sanduku katika banda la ami yake, akasema, "Ami, niangalizie." Ami akasema, "Wasiwasi wa nini? Mawe hayaibwi."

Sasa, wageni mliotoka mbali huenda hamjui. Shemeji Abdulkadir ni mchoma chokaa. Miaka arubaini anachoma. Yeye na mume wangu Zahoro, Mungu amrehemu, walichoma pamoja, na kuta hizi nyeupe zinazowaumiza macho ni chokaa yao. Anapanga magogo duara, anapandisha mawe ya matumbawe juu yake, anatia moto, na siku ya tatu jiwe limekuwa unga mweupe. Hapa petu jiwe ni tumbawe. Tunajengea tumbawe, tunachoma tumbawe, hata makaburi yetu ni tumbawe. Hatujui jiwe jingine. Basi mwezi wa tano anapanga tanuri, juu pamebaki pengo, anatupa jicho bandani, analiona sanduku. Mawe! Akayamwaga juu ya tanuri, akatia moto.

Msicheke sana. Nani kati yenu angefanya vingine?

Siku ya tatu akaja kuniita. Alikuwa mweupe wa chokaa mpaka kwenye kope. "Mwanasiti, hebu njoo uone." Nikaenda. Tumbawe lote limekuwa unga, na katikati ya weupe ule yamekaa mawe kumi na moja, mazima. Yamegeuka rangi ya kutu kwa nje, basi. Shemeji akaliokota moja kwa kipande cha gunia, akalipiga nyundo. Likalia. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Tangu nizaliwe sijaona jiwe lililokataa kuwa chokaa. Mtoto huyu ametuletea nini?"

Mwanatumu aliporudi mwisho wa mitihani, akaambiwa. Alikaa kitako chini, pale pale penye majivu, na gauni lake la Nairobi. Moto ulikuwa umeyageuza kwa ndani, na jiwe lililogeuzwa na moto wetu haliwezi tena kusimulia moto wake. Kazi ya miezi. Mimi nilingoja kilio. Ami yake hakuomba msamaha, kwa sababu ndivyo alivyo, alimwuliza tu, "Kwani hayaujui moto?"

Mtoto akamtazama. Akasema, "Ami, yanaujua. Yamezaliwa katika moto ambao huu wako ni kibatari."

Wallahi, niliona fahari hata nikatamani Zahoro awepo.

Mmenihesabia mawe, wajanja nyinyi? Sanduku lilikuwa na kumi na mawili, tanurini yakatoka kumi na moja. La kumi na mbili nalikiri leo mbele ya serikali: nililiiba mimi, siku ile ile mwanangu alipopanda basi. Nilikuwa natafuta kitu kizito cha kukandamizia kifuniko cha chungu changu cha mafuta, nikaona lile linafaa. Hilo ndilo lililosalimika. Ndilo alilolirudisha Nairobi, likakatwa jembamba kama karatasi, likatazamwa kwa hadubini, akaliandikia kurasa thelathini na mbili, na kurasa hizo ndizo zilizosomwa Japani. Kwa hiyo mtu akiwauliza nani aliyempeleka Mwanatumu Japani, mwambieni: kifuniko cha chungu cha mamake!

Kesho ya siku ile ya majivu, ami alikuja jikoni. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema, "Haya. Nieleze huo moto." Na mwanangu akamweleza kwa nazi, kwa sababu nazi ilikuwa mbele yetu, na hivi ndivyo alivyosema.

Kwamba sakafu ya bahari haikutulia kama tunavyodhani. Ziko pande za dunia ambako sakafu hiyo inateleza taratibu, inajipenyeza chini ya nchi, inashuka. Hata mabingwa wa elimu hiyo, alisema, wameanza kukubaliana juzi juzi tu, na wengine bado wanagomba. Na ikishuka inashuka na maji, maji yaliyonywewa na mawe yake. Huko chini kuna mawe ya moto mkali, lakini hayayeyuki, yamebanwa. Maji yanapoyapandia ndipo yanapoanza kulainika na kuyeyuka. Mimi nikasema, "Kama sukari ya kashata! Kavu inakaidi, inaungua. Itie maji kidogo uone." Akasema, "Ndiyo, mama, karibu hivyo." Mmesikia? Karibu hivyo! Mimi wa darasa la tatu.

Ule uji wa mawe unapanda, unajikusanya mahali kama chungu kikubwa, maili ishirini chini ya miguu ya watu. Hapo unaanza kupoa. Na ukipoa, vya kwanza kuganda ni vichembe vya kijani, kisha vyeusi, vizito kuliko uji wenyewe. Vinazama. Vinalala chini, tabaka juu ya tabaka, vinashikamana. Uji uliobaki juu, mwepesi, unaendelea kupanda mpaka unatoka kwa kishindo, na hiyo ndiyo milima ya moto, ambayo huko imejipanga mmoja baada ya mwingine kama tao. Watu wanauona mlima, wanauogopa, wanaupiga picha. Vilivyozama chini hakuna anayeviona.

"Kama mashata," nikasema. Maana nyinyi wanawake mnajua: ukichemsha tui mpaka mafuta yakajitenga, mafuta yanakaa juu, na mashata yanazama chini ya chungu, mazito, ya rangi ya kahawia, watoto wanayagombania.

"Kama mashata," akasema Mwanatumu. "Lakini, mama, kuna jambo la pili. Yale mawe ya asili, yaliyoyeyuka kidogo yakatoa uji ule, nayo yamebaki kule chini. Yamekamuliwa. Nayo pia ni mazito, nayo pia ni ya kijani."

"Hayo ni chicha," nikamwambia. Nazi iliyokwisha kukamuliwa tui.

Ami yake akauliza swali, na lilikuwa swali zuri, sitamnyima haki yake. Akauliza, "Basi haya ya kwako, mwanangu, yale niliyoyatia motoni, ni chicha au ni mashata?"

Mwanatumu akajibu, "Ami, sijui."

"Miaka minne Chuo Kikuu, na hujui?"

"Hakuna ajuaye, ami. Kilima kile ni cha zamani mno, chungu kilikwisha vunjika na kufukiwa. Japani chungu bado kiko motoni. Kuna milima kule ambayo ikitapika hutapika na vipande vya kule chini kabisa, vizima. Nikiviona vya huko, chicha kwa chicha na mashata kwa mashata, nitajua vyetu."

Ndugu wageni waalikwa, nawauliza. Mara ngapi mmemsikia mtu aliyesoma akisema "sijui"? Mimi nilifundishwa na watu waliojua kila kitu, wakanitoa skuli darasa la tatu kwa sababu walijua pia kwamba mtoto wa kike hafiki mbali. Leo mwanangu amefika mahali ambapo hakuna aliyetangulia kukanyaga, amesimama kwenye ukingo, anasema sijui, nipisheni nikatazame. Mnataka nimvute leso nimrudishe? Nimrudishe afundishe watoto kwamba mawe yote ni tumbawe?

Mwalimu Kitsao, sisemi vibaya juu ya ualimu. Wewe unajua nakuombea kila siku. Lakini hata wewe uliniambia, "Mama, mwalimu nitampata. Huyu simpati tena."

Sasa tufike kwenye fomu.

Ilikuja fomu, na chini yake pana mstari wa ruhusa ya nyumbani. Mwanatumu, kwa heshima, akaipeleka kwa ami yake, kwa sababu babake hayupo. Ami akaikunja, akaitia mfuko wa koti. Wiki ikapita. Nikamwuliza kupitia ule ukuta wetu, "Shemeji, ile fomu?" Akasema, "Ipo." Wiki ya pili. "Shemeji, fomu ipo wapi?" "Mahali pake." Wiki ya tatu nikavaa buibui langu, nikazunguka, nikaingia barazani kwake, nikamwambia, "Shemeji, siku za kuirudisha zimebaki tisa."

Hapo ndipo aliponiambia neno la kweli, nami nalisema hadharani kwa sababu halina aibu. Alisema, "Mwanasiti, nilimwacha Zahoro aende Pemba kuchoma chokaa ya watu. Nilimwambia nenda. Akarudi akiwa habari tu, kaburi lake sijaliona. Sitamwambia mwanawe nenda."

Nilikunywa kahawa yake, nikaondoka.

Lakini usiku wa mtu ni mrefu, na nilifikiri. Zahoro alikuwa ndugu yako, shemeji. Mimi alikuwa mume wangu. Kama ni hofu, ninayo ya kutosha kugawia lokesheni nzima. Kama ni kaburi nisiloliona, na mimi sijaliona. Miaka tisa sasa. Je, kwa kuwa tumepoteza, tumfungie mtoto ndani kama chombo cha udongo? Babake alikwenda Pemba kwa sababu kazi yake ilimwita. Na huyu kazi yake inamwita. Hukumkataza yeye, na hukukosea. Narudia mbele za watu ili usikie vizuri, kwa sababu katika miaka tisa hakuna aliyekwambia: hukukosea.

Asubuhi nikaenda kwa Mwalimu Kitsao. Nikamwambia aandike barua kwa ubalozi wao kule Nairobi kuomba fomu nyingine, na aandike upesi. Ilipokuja, nikamwambia anisomee ule mstari wa chini, neno kwa neno. Akasoma: mzazi au mlezi. Nikasema, "Soma tena." Akasoma: mzazi au mlezi. Nikamwambia, "Mwalimu, mzazi ni nani?" Akacheka, akanipa kalamu.

Nikatia sahihi. Sikutia dole gumba! Niliandika jina langu lote, Mwanasiti binti Mbwana, kwa herufi nilizofunzwa Jumanne na Alhamisi chini ya taa ya karabai. Sasa kama kuna mtu hapa, mzee au kijana, anayesema sahihi ya mwanamke haitoshi kwa mtoto aliyembeba tumboni, asimame. Bwana D.O. yupo. Maalim yupo. Asimame aseme.

Hakuna? Haya. Bwana Chifu, naomba iandikwe kwamba hakuna aliyesimama.

Tuna miaka saba ya kujitawala. Bendera tuliipandisha katika uwanja huu huu, nami nilikuwepo, Mwanatumu yuko ubavuni mwangu. Tuliambiwa nchi sasa ni yetu. Mimi nikajiuliza, nchi ni udongo wa juu peke yake? Na chini je? Yale yaliyolala maili na maili chini yetu ni ya nani, na nani atakuja kutuambia ni kitu gani? Mgeni tena, na vitabu vyake? Mimi nasema aje kutuambia mtoto aliyelelewa kwa mafuta ya nazi na chokaa. Na atakaporudi, inshallah, Bi Mwanafatuma, wewe ndiye wa kwanza nitakayekuketisha umsikilize, mpaka uombe maji.

Nimepita dakika zangu, Mwalimu Kitsao anatazama saa yake kwa heshima. Nawashukuru wote mliokuja, Bwana D.O. kwa njia mbovu uliyoivumilia, walimu kwa kila chaki mliyomaliza kwa mwanangu, nanyi majirani hata kwa maneno yenu, maana nayo yalinisukuma. Masikio yenu yamenitosha leo.

Limebaki moja, na ni lako, shemeji Abdulkadir.

Karatasi ya serikali nimeitia sahihi mimi. Lakini kuna jambo ambalo sikulichukua, na sitalichukua. Mtoto wa nyumba yetu akisafiri, hupita mlangoni chini ya Msahafu, na anayeuinua ni babake, na kama babake hayupo, ni ami yake. Zahoro alitoka alfajiri kwa haraka, jahazi linamngoja, hakupitishwa. Najua umelifikiria hilo kila siku kwa miaka tisa, kwa sababu na mimi nimelifikiria. Mwanatumu hatatoka hivyo. Msahafu wa babake nimeupangusa, nimeufunga kwenye kitambaa cheupe. Siwezi kumpa mtu mwingine auinue. Nikikuangalia naona unajifuta uso, nawe utasema ni vumbi la chokaa.

Usinijibu leo. Mbele za watu mtu hujibu kwa kiburi. Nijibu kwa miguu yako. Na nyinyi nyote, kuanzia Bwana Chifu mpaka mtoto wa mwisho, msiseme hamkualikwa: mlangoni pangu, saa moja asubuhi, Jumamosi ijayo, tarehe kumi na mbili Septemba.